Kushika Pasipo Kuua

Watu wengi hupima nguvu kwa kishindo chake. Mbuyu ukianguka, kijiji kizima husikia, na kila mtu husema ya kuwa upepo wa usiku ule ulikuwa na nguvu. Lakini siku ile mbegu ya mbuyu huo ilipoipasua ardhi, hakuna aliyesikia. Wazee walituachia neno lao, Mwenye nguvu mpishe, nalo ni neno la busara kwa mtu akutanaye na nyati njiani. Walakini neno hilo limewafanya wengine wadhani ya kuwa nguvu ni kitu cha kuogopwa tu, na ya kuwa mtu mpole ni mtu aliyenyimwa nguvu, akaupokea upole kama maskini apokeavyo nguo kuukuu.

Katika makala haya twataka kuuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: Je, upole ni upungufu wa nguvu, au ni nguvu ya namna yake? La pili ni hili: Kama upole ni nguvu, je, kila ashikaye kwa upole ashika kwa haki? Watu wengi huyachanganya maswali haya, wakidhani ya kuwa likijibiwa moja, la pili nalo limejibiwa. Sisi twaona ya kuwa sivyo, tena ya kuwa kosa hilo limewaumiza watu wengi. Ili tusipotee katika maneno matupu, tutachukua mfano wa kazi moja ya elimu, kazi ya kuvishika vitu vidogo sana kwa nuru.

Kwanza twapaswa kusema habari za ndoto iliyotangulia kazi hiyo. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako waandishi watungao hadithi za mambo ya elimu yasiyokuwapo bado: vyombo vya kusafiri kati ya nyota, watu wa sayari nyingine, na silaha za ajabu. Katika miaka ya 1930 mwandishi mmoja wa Marekani, E. E. Smith, aliandika habari za mwali uwezao kukivuta chombo kilicho mbali bila ya kamba wala mnyororo. Baadaye, katika mchezo wa televisheni uitwao Star Trek, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1966, mamilioni ya watu waliona mwali kama huo ukikikamata chombo kizima angani na kukizuia kisiende. Yafaa tuangalie neno moja katika ndoto hiyo. Mara nyingi mwali huo ulikuwa wa kukamata. Aliyekuwa nao alimshinda asiyekuwa nao, na aliyeshikwa alijitahidi kuponyoka. Ndivyo mawazo ya wanadamu yalivyo: tukiota juu ya nguvu, kwa kawaida twaota nguvu kubwa, tena nguvu juu ya mwingine.

Je, nuru yaweza kusukuma kitu? Mtu akiota jua asubuhi husikia joto, lakini hasikii kusukumwa. Hata hivyo tangu zamani wako waliohisi ya kuwa nuru husukuma. Mwaka 1619 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alitangaza wazo lake juu ya nyota zenye mkia. Watu walikuwa wameona ya kuwa mkia wa nyota hizo hauelekei nyuma ya mwendo wake kama vumbi la ng'ombe njiani, bali sikuzote huelekea upande ulio mbali na jua. Kepler alisema ya kuwa jua huusukuma kwa nuru yake. Leo twajua ya kuwa kwa mkia wa vumbi alisema kweli, na ya kuwa mkia wa gesi husukumwa na chembe nyingine zitokazo juani. Mwaka 1873 James Clerk Maxwell wa Uingereza alionyesha kwa hesabu ya kuwa nuru lazima iwe na msukumo, na mwaka 1901 Pyotr Lebedev wa Moscow alitangaza ya kuwa ameupima kwa vyombo vyake.

Lakini msukumo huo ni mdogo ajabu. Tandika mkeka mweusi wenye mita moja kila upande, ukaelekea jua la adhuhuri. Nuru yote iuangukiayo yausukuma kwa nguvu isiyofikia uzito wa nusu ya miligramu. Punje moja ya mchele yaushinda mara nyingi. Kwa hiyo hata waliojua ya kuwa nuru husukuma waliona ya kuwa jambo hilo ni la kupendeza katika vitabu tu, wala halina kazi.

Ndipo mwaka 1960 Theodore Maiman wa Marekani alipowasha leza ya kwanza. Nuru ya taa yetu ya chumbani hutawanyika kila upande, kama watoto watokao darasani. Nuru ya leza huenda njia moja, kwa rangi moja na kwa mwendo mmoja, kama askari kwenye gwaride, na kwa sababu hiyo yaweza kukusanywa mahali padogo sana, pembamba kuliko unywele. Arthur Ashkin, aliyezaliwa New York mwaka 1922, alikuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, katika jimbo la New Jersey. Alijiuliza swali ambalo ni la mtu mnyenyekevu. Hakuuliza, Nitawezaje kuifanya nuru iwe na nguvu hata isukume kitu kikubwa? Aliuliza, Ni kitu gani kilicho kidogo kiasi cha kusukumwa na nguvu ndogo hii?

Alichukua vitufe vya mpira vidogo sana, vingine vikiwa na upana wa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya milimita, akavitia majini, akavielekezea leza. Vitufe vikaenda! Lakini aliona na jambo lingine asilolitazamia. Kitufe kilichokuwa kando ya mwali hakikufukuzwa nje; kilivutwa kuingia katikati, mahali penye nuru kali kuliko pote, kisha kikasukumwa mbele. Mwaka 1970 aliyatangaza hayo, na akaonyesha ya kuwa miali miwili ikielekeana, kitufe husimama katikati yake, kimeshikwa.

Msomaji atauliza, Yawezekanaje kitu kivutwe na kinachosukuma? Na afikiri habari ya mtumbwi. Mtu akiruka kutoka mtumbwini kwenda ukingoni, mtumbwi hurudi nyuma. Yeye aenda huku, nao waenda kule. Nuru ikipita ndani ya kitufe kiangavu hupindwa, kama fito iliyotumbukizwa majini ionekanavyo kupinda. Nuru ikipindwa kwenda kushoto, kitufe husukumwa kwenda kuume. Basi kitufe kikiwa upande wa kushoto wa mwali, ubavu wake wa kuume ndio ulio karibu na katikati, nao hupokea nuru nyingi kuliko ubavu wa kushoto. Nuru hiyo nyingi yapindwa kwenda kushoto, na kitufe chasukumwa kwenda kuume, yaani kuelekea katikati. Kikipita mpaka upande wa pili, mambo hugeuka, nacho hurudishwa. Hakuna ukuta wala kamba, walakini kimefungwa.

Ashkin aliendelea na kazi hiyo miaka mingi pamoja na Joseph Dziedzic, mwenzake. Mwaka 1986 wawili hao, pamoja na John Bjorkholm na Steven Chu, walitangaza ya kuwa mwali mmoja tu, ukikusanywa kwa lenzi kali ya hadubini, watosha kukishika kitu pande zote, hata kukivuta nyuma kinyume cha njia ya nuru. Chombo hicho tutakiita kibano cha nuru. Nguvu yake ni kiasi gani? Ichukue gramu moja, uigawanye sehemu milioni mia. Uzito wa sehemu moja ndiyo kadiri ya nguvu ya kibano hicho. Mwali wa hadithi uliikamata merikebu ya angani. Mwali wa kweli ulikamata kitu kisichoonekana kwa macho. Hata hivyo mwaka 2018, miaka 48 baada ya vile vitufe vya kwanza, Ashkin alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa ajili ya kazi hii, naye akiwa na umri wa miaka 96, angali akifanya uchunguzi nyumbani kwake. Alifariki mwaka 2020. Nusu ya pili ya tuzo walipewa Gérard Mourou na Donna Strickland kwa kazi nyingine ya leza.

Sasa twafika mahali ambapo habari hii yagusa swali letu. Mwaka 1987 Ashkin na Dziedzic walikuwa wakishika virusi vya ugonjwa wa tumbaku kwa kibano chao. Katika maji yao wakaona vitu vingine vikitembea, navyo vilikuwa bakteria, vijidudu hai. Wakawashika hao pia. Lakini leza yao ilikuwa ya rangi ya kijani, nayo ilikuwa kali. Bakteria walioshikwa katika nuru hiyo walikufa. Kila mtoto aliyecheza na kioo cha kukuza ajua sababu: nuru ikikusanywa mahali pamoja huunguza. Mtu mwingine angaliweza kusema, Si kitu, tumewashika, nasi tumeshinda. Hakika walikuwa wamewashika. Lakini kilichobaki mkononi mwao si kile walichotaka kukishika. Walitaka kilicho hai, wakapata maiti.

Wakabadili nuru. Badala ya kijani walitumia nuru iliyo nje ya nyekundu, isiyoonekana kwa macho, kwa kuwa nuru hiyo hupita katika mwili wa kijidudu na sehemu ndogo tu hubaki ndani yake kuwa joto. Mshiko ulikuwa ule ule, lakini safari hii bakteria hawakufa. Waliendelea kuishi, hata wakagawanyika na kuzaa wakiwa wangali wameshikwa. Chembe za hamira nazo zilizaa vivyo hivyo.

Hapo jibu la swali la kwanza laonekana. Yule asemaye ya kuwa upole ni upungufu wa nguvu angedhani ya kuwa nuru ya pili haikushika vema kama ya kwanza. Lakini ilishika vema zaidi, kwa sababu ilishika hata mwisho, na kilichoshikwa kilibaki. Ile ya kwanza ilikuwa na ukali zaidi ya uliotakiwa, na ukali uliozidi haukuongeza nguvu, bali uliiharibu kazi. Kumbe nguvu haipimwi kwa ukubwa wake peke yake. Hupimwa kwa jinsi ilivyolingana na kitu na kusudi. Nyundo ina nguvu kuliko sindano, lakini nguo haishonwi kwa nyundo. Mtoto mdogo ampendaye kifaranga humkumbatia kifuani, akazidi kumkumbatia, hata kifaranga akafa; naye hulia, maana hakutaka kumwua. Hakukosa upendo, wala hakukosa nguvu. Alikosa kipimo. Basi upole ni nguvu yenye kipimo. Mtu asiye na nguvu hata kidogo hawezi kuwa mpole, kama vile mtu asiye na fedha hawezi kuitwa mkarimu wala mchoyo wa fedha.

Tena yafaa tuone ya kuwa nguvu hiyo yenye kipimo imefunua mambo ambayo ukali haungaliyafunua kamwe. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walishika kwa kibano cha nuru kitufe kilichobebwa na kinesini. Kinesini ni hamali mdogo sana aliye ndani ya chembe za miili yetu. Huchukua mizigo na kutembea juu ya nyuzi, kama mchukuzi apitaye juu ya gogo. Walipima hatua yake, wakaona ya kuwa kila hatua ni sehemu nane za milioni ya milimita. Kwa hesabu hiyo, ili apite milimita moja yampasa kupiga hatua 125,000. Na mwaka 2014 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walitumia kibano hicho kuvishika vimelea vya malaria na kuvisogeza hata vikagusana na chembe nyekundu za damu, wapate kupima jinsi vinavyogandamana nazo kabla ya kuziingia. Kimelea kikiwa nje ya chembe ya damu huwa na nguvu ya kuingia kwa dakika chache tu. Aliyetaka kukitazama ilimpasa amshike adui huyo upesi, lakini bila kumponda. Kazi hiyo si dawa, lakini mganga asiyejua mlango aingiao mwizi atauzibaje? Sisi tuliozika watoto kwa ugonjwa huo hatuwezi kuidharau.

Basi mtu aweza kusema, Mmekwisha kujibu. Upole ni nguvu, na nguvu njema. Tuwe wapole, yatosha. Laiti ingalikuwa hivyo! Hapa ndipo lianzapo swali la pili, nalo ndilo lililo gumu.

Tumfikirie mkopeshaji wa kijijini. Njaa imeingia, maghala ni matupu, na kahawa ingali maua. Mtu huyu hapigi kelele. Huja jioni, huuliza hali ya watoto, hutoa debe la mahindi, na husema, Ndugu yangu, usiwe na wasiwasi, tutahesabiana wakati wa mavuno. Mavuno yafikapo, huichukua kahawa kwa bei aitakayo yeye, na kilichobaki hakitoshi kufikisha nyumba hiyo mwaka wa pili. Njaa irudipo, mlango ugongwao ni wake. Miaka kumi yapita. Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu, hakumpeleka mtu barazani. Watu humwita mpole, naye ni mpole kweli. Lakini nusu ya mashamba ya kijiji imo mkononi mwake, na watu wale hawawezi hata kumlalamikia, maana watasema nini? Alitusaidia.

Kama upole ungekuwa haki kwa kuwa ni upole tu, ingetupasa kumsifu mtu huyu. Lakini kila mmoja wetu aona ya kuwa pana ubaya hapo. Ubaya huo uko wapi? Hauko katika ukali wa mshiko, kwa kuwa haukuwapo ukali. Uko katika mshiko wenyewe. Nasi twafahamu sasa kosa la wale wanaoyachanganya maswali yetu mawili. Wao hudhani ya kuwa dhuluma ni ukali, na ya kuwa palipo upole hapana dhuluma. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa upole ni nguvu. Basi, kwa kuwa ni nguvu, yatupasa kuuhukumu kama tuhukumuvyo nguvu nyingine zote. Mkono laini ni mkono.

Twaona ya kuwa kila mshiko, uwe mkali au mpole, wapasa kuulizwa mambo matatu.

La kwanza: Je, kishikwacho chabaki kuwa chenyewe? Bakteria wa Ashkin katika nuru ya pili walizidi kuwa bakteria, wakala na kuzaa kwa tabia yao. Baba amshikaye mwanawe hata kijana akakosa neno lake mwenyewe, akawa kivuli cha babaye, amemshika kama nuru ya kijani, hata kama hakumpiga kofi siku zote. Twasikia mara nyingi wazazi na walimu wakijitetea kwa mithali, Samaki mkunje angali mbichi, wakidhani ya kuwa mithali hiyo yaruhusu fimbo. Na waitazame vizuri. Kwa nini samaki hukunjwa akiwa mbichi? Kwa sababu wakati huo hukunjika pasipo kuvunjika. Mithali hiyo haituambii tuzidishe nguvu. Yatuambia tuchague wakati ambapo nguvu kidogo yatosha.

La pili: Je, chashikwa kwa ajili ya nani? Mtaalamu hushika kimelea ili mgonjwa apone. Mama humshika mtoto mkono njiani ili asikanyagwe na gari, na hapo hata akivuta kwa ghafula na kumwumiza bega hatumlaumu. Kwa hiyo hatusemi ya kuwa ukali haufai kamwe. Mtoto akimbiliaye moto hazungumzwi kwa methali. Lakini mkopeshaji yule alishika kwa ajili ya ghala lake, na upole wake ulikuwa mafuta ya kulainishia kamba.

La tatu: Je, mkono utafunguliwa? Kibano cha nuru kina sifa hii, kwamba taa ikizimwa, kilichoshikwa huwa huru papo hapo, wala hakina jeraha la kamba. Hapa twapata kipimo kizuri cha kazi yetu sisi tulio walimu. Mwalimu mwema ni yule ambaye mwanafunzi wake, siku atokayo shuleni, aweza kusoma kitabu ambacho mwalimu hakukisoma na kukataa wazo ambalo mwalimu alilikubali. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hawawezi kuamua neno bila yeye amefanikiwa kuwashika, lakini hakuwafundisha. Na mzee wa baraza ambaye vijana hawathubutu kusimama mpaka afe, hata kama ni mzee mpole, ameacha taa ikiwaka mno.

Lakini yatubidi kuongeza neno moja, la sivyo mfano wetu utatupoteza. Mtu si kijidudu. Bakteria aliye katika nuru isiyoonekana hajui ya kuwa ameshikwa, wala hatuna haja ya kumwuliza ruhusa. Kwake yeye, kutokuonekana kwa mshiko ni faida. Kwa mwanadamu mambo hugeuka. Mtu aliyeshikwa kwa kamba huiona kamba, aweza kuikata, kulia, au kuwaita jirani. Mtu aliyeshikwa kwa kitu asichokiona hawezi kusema hapana, kwa sababu hajui ya kuwa ameulizwa. Kwa hiyo mshiko mpole usioonekana wastahili kuangaliwa kuliko fimbo. Fimbo huacha alama, na alama hushuhudia. Upole wa hila hauachi shahidi.

Labda mtu mmoja atatupinga akisema, Mwataka nini basi? Mkituambia tuwe wakali, mwasema twaua. Mkituambia tuwe wapole, mwasema twadanganya. Je, tusishike kitu chochote? Tutamjibu ya kuwa mtu hawezi kuishi pasipo kushika na kushikwa. Mtoto asiyeshikwa na mtu hufa kabla ya mtoto ashikwaye vibaya. Ndoa ni mshiko, urafiki ni mshiko, shule na ujirani ni mishiko. Twamwomba mshikaji jambo moja tu, nalo aweza kulifanya leo: amwambie amshikaye kwa nini amemshika, na lini atamwachilia. Mkopeshaji ataje bei ya kahawa siku ile atoapo mahindi, mbele ya mtu wa tatu. Baba amwambie kijana, Nakuzuia mwaka huu kwa sababu hii, na mwaka ujao utaamua mwenyewe. Maneno hayo ni machache, lakini huuleta mshiko mahali ambapo aliyeshikwa aweza kuuona. Asiyeweza kuyasema kwa sauti, na auchunguze upole wake, una nini ndani.

Mwingine atauliza ya kuwa yatufaa nini kuhangaika na vitu vidogo hivi, upana wa unywele na hatua za hamali asiyeonekana, wakati ulimwengu una vita na njaa. Sisi twaona ya kuwa vita na njaa nyingi hukuzwa na watu waliotaka ule mwali wa hadithi, yaani nguvu ya kukamata merikebu nzima kwa mara moja. Hatusemi ya kuwa mtaalamu wa kibano ni mtu mwema kuliko wengine. Mkono wake waweza kutumika kwa mema na kwa mabaya kama mikono yote. Twasema tu ya kuwa kazi yake yatuonyesha wazi jambo ambalo nyumbani kwetu hatulioni kwa sababu ya mazoea: kwamba kushika na kuua ni kazi mbili mbalimbali, na ya kuwa kati yake pana kipimo, na kipimo hicho hutafutwa kwa subira. Tangu vitufe vya mwaka 1970 mpaka bakteria walioishi, miaka 17 ilipita.

Basi, wasomaji wetu, kila mmoja wenu ana mtu aliye mikononi mwake: mtoto, mke, mume, mwanafunzi, mdeni, mgonjwa, au mzee asiyeweza kutembea. Mtazameni mtu huyo. Je, yu hai katika mkono wenu, apata kukua na kuwa mwenyewe? Mwamshika kwa ajili yake, au kwa ajili yenu? Je, ajua ya kuwa ameshikwa, na ajua siku ya kufunguliwa? Mkiweza kujibu maswali haya bila ya kuinamisha macho, mkono wenu, uwe mzito au mwepesi, ni mkono wa haki. Mkishindwa, haitoshi kusema ya kuwa hamkumwumiza mtu. Yule aliyeshikwa ndiye wa kuulizwa, na jibu lake lisikilizwe.